Mwandishi Mgeni Husoma kwa Nani?

Wasomaji wa gazeti letu wamezoea kuona katika kurasa hizi habari za mpira, za mabweni na za shamba la shule. Muhula huu nimepewa nafasi niandike juu ya jambo lisilozungumzwa sana hapa Bukene, nalo ni ile desturi ya vyuo vikuu ya kuwaalika waandishi wa vitabu waje wasome maandishi yao mbele ya watu. Najua wengine watasema, "Hilo latuhusu nini sisi tulio mbali na vyuo vikuu?" Naomba wanivumilie. Jambo hili latuhusu sisi wanafunzi, na lawahusu pia wazazi wetu, kama nitakavyojaribu kuonyesha.

Kwanza yafaa nieleze desturi yenyewe. Chuo humwalika mwandishi, aghalabu kutoka nchi nyingine. Siku ikifika watu hukusanyika ukumbini, mwalimu mmoja humjulisha mgeni kwa watu, naye husimama na kitabu chake akasoma kurasa chache. Akimaliza, watu humwuliza maswali. Hakuna mtihani wala cheti. Desturi hii si ya jana. Charles Dickens, mwandishi mashuhuri wa Uingereza, alizunguka katika miji ya kwao na ya Marekani katika karne ya 19 akiwasomea watu hadithi zake, na kumbi zilijaa. Faida yake ni kwamba msomaji hupata kuisikia sauti ya mtu aliyekitunga kitabu, na mtungaji naye hupata kuziona nyuso za watu aliowaandikia.

Mimi niliiona desturi hiyo kwa macho yangu katika likizo ya Juni mwaka jana. Nilikwenda Dar es Salaam kwa dada yangu, ambaye ni mwanafunzi wa chuo kikuu kimoja huko. Alasiri moja aliniambia, "Vaa shati safi, mdogo wangu, leo tuna mwandishi mgeni." Tukaenda, tukaketi nyuma. Mgeni alikuwa mwanamke wa makamo kutoka nchi nyingine ya Afrika, na alisoma kwa Kiingereza. Hadithi yake ilikuwa juu ya mama aliyemwuza ng'ombe wake wa mwisho ili mwanawe apelekwe shule, na mwana akakaa mjini miaka mingi asirudi kumwona. Alisoma polepole, bila kupiga kelele, na mahali pengine alinyamaza kidogo kabla ya kuendelea.

Aliponyamaza, maswali yakakaribishwa. Ukumbi ukawa kimya. Watu watatu walioketi mbele waliuliza, na maswali yao yalifanana: ulianza kuandika lini, ni vitabu gani ulivyovipenda, kitabu kijacho kitakuwa juu ya nini. Nilidhani mambo yamekwisha. Ndipo msichana mmoja wa katikati aliposimama akasema, "Naomba niulize kwa Kiswahili." Mgeni alipofasiriwa alicheka, akasema ni furaha kwake. Msichana akauliza, "Yule mama alipomwuza ng'ombe, majirani zake walisema nini?" Mgeni alifikiri kwa muda, kisha akatoa jibu refu juu ya majirani wa kijiji chao, ambalo halikuwamo katika kitabu.

Baada ya hapo mikono ilinyoshwa kila upande. Hata mzee mmoja aliyekuwa amepanga viti, ambaye alikuwa amesimama mlangoni muda wote, aliingia akauliza, "Kwa nini yule kijana hakuandika hata barua moja?" Ukumbi mzima ukamgeukia mgeni kungoja jibu, maana lilikuwa swali ambalo sote tulikuwa nalo moyoni. Mkutano uliokuwa uishe saa kumi na moja uliendelea mpaka taa zikawashwa. Mhadhiri aliyekuwa akifasiri alikauka koo, ikabidi aletewe maji.

Niliporudi Bukene nilimwendea babu kumsalimu, nikamsimulia habari ya safari. Babu alikuwa kibarua wa reli, na alifanya kazi miaka mingi katika njia hii ya Tabora kwenda Mwanza inayopita hapa kwetu. Nilidhani atapenda habari za jiji, lakini aliuliza juu ya yule mwandishi.

"Alisoma kwa lugha gani?"

"Kwa Kiingereza, babu."

"Waliokuja kumsikiliza walikuwa Waingereza?"

"Hapana, babu. Walikuwa watu wa hapa hapa."

Babu alitafuna karanga zake kwa muda, kisha akanieleza habari za manju. Wasomaji wa nchi hii wamjua manju, lakini kwa ajili ya wageni nitaeleza kwamba ni mtunzi na kiongozi wa ngoma, aliye mashuhuri sana hasa kwa jirani zetu Wasukuma. Baada ya mavuno, vikundi viwili hushindana katika uwanja mmoja, Bagika upande huu na Bagalu upande ule, na kila manju hutumia nyimbo zake, mavazi yake na ufundi wake kuwavuta watazamaji. Kikundi kinachovuta watu wengi ndicho mshindi. "Basi," babu akasema, "manju asiyeeleweka hubaki na vumbi lake. Na watu wakiondoka, halaumu watu."

Maneno hayo hayakunitoka. Tulipofungua shule nilitafuta habari katika vitabu, na nyingine nilimwomba dada yangu anitafutie. Niliyoyapata ndiyo ninayotaka kuwaandikia, maana yaonyesha kwamba swali la babu ni la zamani kuliko babu mwenyewe.

Nchi yetu ya Unyamwezi ilikuwa njia panda ya misafara. Watu walitoka Bagamoyo wakapitia Tabora, ambayo wasafiri wa zamani waliiita Kaze, na kutoka hapo wengine walikwenda Ujiji na wengine kaskazini kuelekea ziwani. Burton na Speke walifika Kaze mwaka 1857. Mwaka uliofuata Speke alikwenda kaskazini mpaka akaliona ziwa kubwa, akalipa jina la Victoria. Mwaka 1872 Livingstone na Stanley walikaa pamoja Kwihara, karibu na Tabora. Wote hao waliandika vitabu, na maandishi yao yalisomwa mbele ya watu wengi. Lakini hadhira hiyo ilikuwa wapi? Ilikuwa Uingereza. Mwaka huo huo wa 1872 Stanley alisimama katika mji wa Brighton akaieleza safari yake mbele ya mkutano mkubwa wa wataalamu. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo yake hawakuwako kusema kama mambo yalikuwa hivyo au sivyo.

Sidi Mubarak Bombay alikuwa kiongozi katika safari ya Burton na Speke, na baadaye alisafiri na Stanley pia. Mwaka 1876 Chama cha Jiografia cha London kilimpa medali ya fedha. Twamshukuru aliyekumbuka kumpa medali, lakini kitabu alichokiandika Bombay mwenyewe hatunacho. Tunacho kitabu cha Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ambaye aliandika maisha yake kwa Kiswahili. Maandishi hayo yalipigwa chapa Berlin katika miaka ya 1902 na 1903, pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Tajiri wa msafara basi alisikika. Mpagazi hakusikika, ingawa ni yeye aliyekibeba Kiswahili pamoja na mzigo wake, akakileta mpaka huku bara.

Jambo la pili nililolisoma ni la Chuo cha Makerere, Kampala. Mwezi wa Juni 1962 chuo hicho kilipokea mkutano mkubwa wa waandishi wa Afrika. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru miezi sita tu kabla ya hapo, na Uganda ilikuwa bado miezi minne kuupata. Walikuja Chinua Achebe, Wole Soyinka na Christopher Okigbo kutoka Nigeria, na Ezekiel Mphahlele wa Afrika Kusini. Langston Hughes, mshairi wa Marekani, alikuwako pia. Mwanafunzi mmoja wa Makerere, James Ngugi kutoka Kenya, alimpa Achebe mswada wake ausome. Mswada huo ukawa riwaya yake ya kwanza iliyopigwa chapa, mwaka 1964. Mwanafunzi huyo ndiye aliyejulikana baadaye kwa jina la Ngugi wa Thiong'o, aliyefariki mwezi wa Mei 2025. Basi yeyote asemaye kwamba ziara za waandishi hazina faida kwa wanafunzi, na amfikirie kijana huyo na mswada wake.

Hata hivyo mkutano ule ulikuwa na mlango wenye kizuizi. Jina lake lilikuwa Mkutano wa Waandishi wa Kiafrika Waandikao kwa Kiingereza. Mwanafunzi mwenye hadithi fupi chache za Kiingereza aliweza kualikwa. Shaaban Robert hakuweza. Na wakati huo Shaaban Robert alikuwa ameandika *Kusadikika*, *Adili na Nduguze*, *Wasifu wa Siti binti Saad*, na mashairi mengi ambayo wazazi wetu waliyajifunza shuleni. Alikuwa mtu wa Tanga, nchi jirani kabisa na Kampala kuliko Nigeria. Mwezi huo huo wa Juni 1962 alifariki dunia. Ngugi mwenyewe aliliandika jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1986, akaona ajabu kwamba yeye kijana aliingia na mzee yule hakuingia. Kabla yake, mwaka 1963, Obi Wali wa Nigeria alikuwa amekwisha andika katika gazeti la *Transition* la Kampala kwamba fasihi ya Afrika haitafika mbali ikiwa itategemea lugha za Ulaya peke yake.

Sitaki mtu adhani kwamba nakidharau Kiingereza. Bila lugha hiyo, Achebe na Mphahlele wasingeweza kuzungumza na Ngugi, na mimi nisingeielewa hadithi ya yule mama na ng'ombe wake. Achebe mwenyewe alikitetea Kiingereza kwa hoja hiyo hiyo, kwamba chawaunganisha watu wa makabila na nchi nyingi. Hoja yake ni nzuri. Mimi nasema tu kwamba lugha ikitumika kuwa daraja, wote wavuke, na ikitumika kuwa lango, basi na atafutwe mtu wa kulifungua.

Na watu wa kulifungua tumekuwa nao. Mwalimu Julius Nyerere alisoma Shule ya Serikali ya Tabora, kisha Makerere, kisha akarudi kufundisha Tabora katika shule ya St. Mary's. Alipokuwa na mzigo wote wa kuiongoza nchi, alipata nafasi ya kumfasiri Shakespeare. Tafsiri yake ya *Julius Caesar* ilitoka mwaka 1963, na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Kwa njia hiyo Shakespeare, ambaye hakupata kufika Afrika, akawa mgeni anayesema nasi kwa lugha yetu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikimaliza kitabu chake cha *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka* kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata wa kukipiga chapa, ndipo alipokifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, nacho kikatoka mwaka 1980. Mwaka uliofuata alifariki. Miaka 35 ni mingi kumngojesha mzee.

Karibu na siku zetu tuna habari ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya yake ya *Paradise* ilitoka Uingereza mwaka 1994. Ndani yake kijana Yusuf achukuliwa na tajiri wa pwani, na baadaye afuatana na msafara wa biashara kuingia bara, yaani safari za namna ile ile zilizopita katika nchi yetu. Lakini watu wa bara hawakuweza kuisoma kwa Kiswahili mpaka mwaka 2022, Ida Hadjivayanis alipoifasiri kwa jina la *Peponi*, ikapigwa chapa Dar es Salaam. Hesabu ni rahisi: miaka 28 ilipita. Dada yangu aliniletea nakala moja. Nimeisoma bwenini, na baadhi ya kurasa nimemsomea babu jioni za Jumapili. Babu alinikatiza mara nyingi. Mahali fulani alisema, "Huyu aliyeandika haya alisikiliza wazee," na mahali pengine alisema, "Hapa mzigo haukufungwa hivyo," akanionyesha kwa kamba jinsi ulivyofungwa, kama alivyoonyeshwa na babu yake aliyekuwa mpagazi.

Hapo ndipo nilipofahamu jambo ninalotaka kuliweka mbele ya wasomaji. Mwandishi akisoma kwa lugha ambayo hadhira yake haiwezi kumjibu kwayo, watu hupata heshima ya kumwona, lakini yeye haambiwi kitu. Akisoma kwa lugha yao, au akifasiriwa vyema, hujifunza kwao kama wao wanavyojifunza kwake. Yule mgeni wa Dar es Salaam aliondoka na swali la majirani na swali la barua. Maswali hayo hayakutoka kwa wenye kuketi mbele. Chuo kinachotumia fedha nyingi kumleta mwandishi kutoka mbali, kisha kikakosa kumweka mfasiri karibu naye, ni kama mtu aliyechimba kisima asinunue ndoo.

Sasa nifike kwenye jambo la wazazi. Sisi wa Kidato cha Nne twatakiwa kuchagua masomo ya Kidato cha Tano. Baba yangu ni mkulima wa mpunga, na angependa nichukue sayansi, kwa kuwa alama zangu za Baiolojia si mbaya. Nilipomwambia kwamba nataka Historia, Kiswahili na Kiingereza, alisema, "Mwanangu, Kiswahili unacho tangu utoto. Nimekupeleka shule ukapate usichonacho." Sikumjibu siku hiyo, maana maneno yake yana uzito, na mvua zikikosekana ni yeye anayejua mpunga ulivyo. Zahanati zataka madaktari, hilo nalijua.

Juma lililofuata nilimwomba ruhusa niseme. Nilimwambia, "Baba, babu ana habari za msafara alizoachiwa na babu yake. Katika vitabu vyote nilivyosoma habari hizo sikuziona. Atakayeziandika lazima amfahamu babu, awafahamu na wale walioandika kwa Kiingereza, ajue mahali wanapopatana na mahali wanapopingana. Kazi hiyo ndiyo nisiyokuwa nayo, na ndiyo ninayotaka kufundishwa." Baba alikaa kimya kwa muda mrefu. Mwisho alisema, "Andika kwanza, nisikie." Hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Kwetu neno "nisikie" ni mkopo mkubwa, na mkopo hulipwa.

Basi nimeandika. Ni kurasa kumi na moja, juu ya mzigo, kamba, njaa ya njiani, na nyimbo ambazo wapagazi waliziimba ili miguu isihesabu maili. Mwalimu wetu wa Kiswahili amezisahihisha mara mbili, na Bwana Mkuu wa Shule ameruhusu nizisome siku ya mahafali yetu, mbele ya wazazi. Babu ataketi mbele. Nimemwomba asimame palipo na kosa aseme, hata kama ni katikati ya sentensi. Wenzangu wengine wawili watasoma pia: mmoja ana shairi juu ya kisima cha kijiji chao, na mwingine habari za mama yake anayeuza karanga stesheni treni ikipita.

Kabla sijaweka kalamu chini nina maombi matatu. Ombi la kwanza ni kwa walimu wetu. Vyuo vikuu havipo Dar es Salaam tu. Hata Tabora mjini kuna chuo kikuu. Mwandishi anayekuja huko na aombwe afike Bukene pia, walau kwa siku moja. Hatuna ukumbi, lakini tuna miembe yenye kivuli, na madawati twaweza kuyabeba wenyewe. La pili ni kwa wenzangu wa Kidato cha Kwanza na cha Pili: mwandishi akija, msiulize tu alianza kuandika lini. Ulizeni majirani walisema nini. La tatu ni kwa wazazi. Siku ya mahafali msije kutazama sare na keki peke yake. Njoni msikilize, na pale tutakaposema uongo juu ya mambo mnayoyajua, tunyosheeni mkono.

Baba amesema atakuja, mpunga ukiwa umekwisha kupelekwa mashineni. Karatasi yangu ya kuchagua masomo bado iko kwa mwalimu wa darasa, na nafasi ya sahihi ya mzazi haijajazwa.